Siku Viazi Vilipolala

Mtu wa Likoni akitaka kwenda Kiembeni huvuka maji mara mbili. Kwanza feri, ambayo mwenda kwa miguu halipi kitu ila jasho. Kisha daraja la Nyali, ambalo siku hizi twalipita tukiangalia simu, kana kwamba halikujengwa juzi tu, 1980, na wazee wetu hawakuvuka hapo kwa daraja la kuelea. Baada ya Kongowea na Bombolulu, barabara ya Malindi iliingia kwenye vumbi la upanuzi. Makanga alifunga kioo, akafungua, akafunga tena. Tulipokaribia kiwanda cha saruji cha Bamburi hakutaja saruji wala Bamburi. Aliita, "Mtambo! Wa Mtambo washuke!" Kiwanda hicho kilianza kutoa saruji 1954, na mwishoni mwa 2024 kilinunuliwa na Amsons wa Tanzania, lakini kwa makanga hakijawahi kuwa na mwenyewe. Ni mtambo. Ukienda Kiembeni waiacha barabara kuu na kuingia mkono wa kushoto, upande usio wa bahari wala wa mahoteli.

Aliyeniita huko ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Tulikutana kwenye hitima Likoni, nyuma ya nyumba, tukimenya vitunguu thomu vya pilau. Aliponiuliza kazi yangu nikamwambia naandika, alicheka. "Basi njoo kwetu uandike habari za wachongezi," akasema. Mchongezi ndilo jina ambalo vijana wa maskani humpa yeye na wenzake wakiwa wamekasirika. Wasipokasirika humwita Mwalimu, kama kila mtu.

Kiembeni si kitongoji cha kutisha ukikiona. Kuna nyumba za ghorofa moja zenye mageti ya bluu, miembe, misikiti, makanisa, shule za binafsi zenye mabasi ya manjano, wastaafu wanaopiga gumzo kibarazani. Nyuma ya nyumba hizo kuna vyumba vya kupanga, na nyuma ya vyumba kuna vichochoro ambavyo tuktuk huingia kwa shida. Kisauni nzima, ambayo Kiembeni imo ndani yake, ilihesabiwa watu 291,930 katika sensa ya 2019, na hapo Nyali ilikuwa imeshakatwa ikawa eneo bunge la peke yake. Watu wengi, kazi chache, usiku mrefu. Sitaki kusema umaskini peke yake ndio huzaa magenge ya mapanga; Pwani ina mafukara chungu nzima ambao hawajawahi kumkata mtu. Lakini kijana aliyemaliza kidato cha nne, asiye na kipande, asiye na mtaji, akakuta maskani yenye jina na wakubwa wenye simu nzuri, huyo ana sababu ya kuketi.

Majina ya magenge haya yanapendeza kuliko matendo. Wakali Kwanza. Wakali Wao. Gaza. Desemba 2016 waziri wa usalama wa ndani, marehemu Joseph Nkaissery, alitangaza katika gazeti la serikali kwamba magenge yapatayo 90 nchini ni haramu, kwa sheria ya kuzuia uhalifu wa kupangwa ya 2010, na ya Mombasa yalikuwemo. Tangazo likatoka, magenge yakabadilisha majina. Jina linalonishika mimi ni Wajukuu wa Bibi. Vijana wa Mombasa walioishika mitaa kwa mapanga hawakujiita simba wala risasi, walijiita wajukuu. Nilimwambia Mwalimu hivyo tulipokuwa tukila mahamri kwa mbaazi nyumbani kwake.

"Bibi ndiye mimi," akasema. "Si mzaha. Wawili kati yao niliwafundisha kusoma. Mmoja nilimfunga kamba za viatu."

Siku hiyo alikuwa na wenzake wawili. Mmoja ni mjane aliyemzika mwanawe wa miaka 19 (sikuuliza alikufaje, na hakusema). Wa pili ni mama anayekaanga viazi karai kwenye kona, hatua kama 30 kutoka maskani ya vijana. Huyu wa viazi haongei sana. Nilidhani amekuja kusikiliza tu. Baadaye niligundua kwamba kazi yote yaanzia kwenye karai lake.

Kazi yenyewe si kama nilivyoidhania. Nilitarajia mikutano, fulana za amani, wimbo. Hayo yapo, nao huyahudhuria, tena hupewa nauli. Lakini wanachokifanya siku 300 za mwaka ni kusikia mapema. Panga halitoki nje ghafla. Kabla yake kuna simu iliyoporwa, au msichana, au kofi lililopigwa uwanjani mbele ya watu, au siku hizi video ya kudhihaki iliyowekwa WhatsApp. Kuanzia kofi hadi panga hupita saa kadhaa, wakati mwingine siku mbili. Kina mama hawa huishi ndani ya saa hizo.

Na wanawake ndio husikia. Anayefua huona damu kwenye shati. Anayeuza uji alfajiri huona nani amerudi saa hiyo na viatu vya tope. Msusi husikia kila kitu. Wanaume wa mtaa huambiwa mambo yakishakuwa kesi, yakafika kwa chifu, mzee wa mtaa akaitwa na watu wa Nyumba Kumi wakaandikwa majina. Kufikia hapo kuna mtu ameshashonwa nyuzi.

Baada ya alasiri tukaenda kwenye karai. Viazi vya manjano, rojo limekolea bizari, ukwaju kwenye chupa ya plastiki iliyotobolewa kifuniko. Nilikula vitatu nikiwa nimesimama. Mama wa viazi akanionyesha maskani kwa kidevu, bila kunyoosha mkono: vijana watano kwenye tofali na kiti cha gari kilichong'olewa, karibu na kibanda cha majani ya muguka. Muguka, kwa njia, ilipigwa marufuku Mombasa na Gavana Abdulswamad Nassir Mei 2024, marufuku hiyo ikapelekwa mahakamani siku chache baadaye, na kibanda kiko pale pale. Kina mama wale wana maneno makali kuhusu muguka kuliko kuhusu bangi. Wasema bangi humlaza mtoto. Muguka humkesheza, na anayekesha lazima atafute la kufanya.

"Hawajala," akasema mama wa viazi.

Sikuelewa. Akanieleza polepole, akigeuza viazi. Wale watano hula kwake kila siku baada ya alasiri, kwa mkopo au kwa taslimu. Ana daftari. Leo wamempita mara mbili. Mmoja amekuja kulipa deni lote, shilingi 340, bila kuulizwa.

"Kulipa deni si jambo jema?" nikauliza.

"Mwanangu, kijana halipi deni la viazi ila awe ana safari."

Mwalimu akafunga mtandio vizuri. Hakuna aliyesema neno lingine. Tukaondoka.

Nilidhani twaenda maskani. La. Tulipita mbele yao, Mwalimu akasalimia, wakaitika "Marahaba" kwa utani na mmoja akacheka, kisha tukakata kichochoro tukaingia kwenye ua wa vyumba sita. Kanuni yao ya kwanza ni hii: hawaendi kwa kijana. Kijana mbele ya wenzake hawezi kurudi nyuma hata akitaka. Ukimkabili pale umemsukuma. Wanaenda kwa mamake, au kwa bibi yake, au kwa shangazi aliyemlea. Na hapo, Mwalimu aliniambia njiani, ndipo kazi huwa ngumu kuliko popote. Panga wanaliweza. Mama mtu ndiye mlima.

Mama tuliyemkuta alikuwa akichambua mchele. Alijua tumekujia nini kabla hatujaketi. "Wangu hayumo," akasema, hata hatujasalimiana vizuri. Mwalimu akaomba maji ya kunywa. Akaketi kwenye mkeka, akauliza habari za mgongo, habari za binti aliyeko Saudia, kama ametuma kitu mwezi huu. Ndani, kupitia pazia, niliona runinga pana kuliko mlango. Mimi niliiangalia. Mwalimu hakuiangalia hata mara moja.

Hili nalitaja kwa sababu makala nyingi za wanawake na amani humchora mama kama malaika. Kina mama hawa wa Kiembeni hawajidanganyi hivyo. Wanajua mama ambaye kodi yake hulipwa na mwana asiye na kazi, naye haulizi. Wanajua mama aliyeficha simu sita kwenye pipa la unga. Wanajua wasichana wanaobeba visu kwenye mikoba kwa sababu polisi wa kiume hawawapekui. Mjane aliniambia bila kupepesa macho kwamba yeye mwenyewe alikula pesa za mwanawe miaka miwili. "Nilikuwa namwombea dua huku nakula," akasema. Ndiyo maana humpeleka yeye kwenye nyumba ngumu. Mtu asiyewahi kula hawezi kumwambia anayekula.

Pale uani ikawa hivyo. Mwalimu alizungumza juu ya mgongo hadi maneno yakamwishia, kisha mjane akasema jambo moja tu, kwa sauti ya chini: "Mamake, mimi nilioshewa wangu pale kwenye kibaraza chako. Sufuria ya maji ilikuwa yako."

Mama yule akaendelea kuchambua mchele. Chuya, chuya, kokoto. Muda ulipita ambao ungetosha kupika chai. Kisha akainuka, akaingia ndani, tukasikia godoro likiinuliwa. Alirudi na kitu kimezongwa gunia la mchele, urefu wa mkono. Akampa Mwalimu.

Mwalimu hakulipokea. Alikunja mikono kifuani kabisa. "Nikilibeba mimi njiani, mimi ndiye mwenye panga," akasema. "Hili ni lako. Lirudi jikoni livunje nazi." Mama yule akalipeleka jikoni, na punde tukasikia nazi ikivunjwa kweli, pigo moja.

Niliuliza, tukitoka, mbona hawakupiga simu polisi. Hapo wale wanawake wawili wakagombana, na naona walikuwa wakiendeleza ugomvi wa zamani. Mjane ataka polisi waitwe mapema, majina yatolewe, vijana washikwe kabla ya kuua. Mwalimu hataki, ila damu ikiwa imeshamwagika. Hofu yake haikuzuka hewani. Shirika la HAKI Africa la hapa Mombasa lilitoa ripoti 2016 iliyoandika visa 81 vya watu wa Pwani waliouawa au kupotea kuanzia 2012, wengi wakitajwa kuwa mikononi mwa vyombo vya usalama, na jina la ripoti lilikuwa swali: familia tuziambie nini? Mama akishaliona hilo, ukimwambia "mtaje mwanao," wamwomba achague namna ya kumzika. Nairobi nako ni vivyo hivyo. Mathare alikuwepo Benna Buluma, aliyejulikana kama Mama Victor, ambaye wanawe wawili, Victor na Bernard, waliuawa kwa risasi siku moja Agosti 2017, wakati maandamano ya baada ya uchaguzi yakizimwa. Akawakusanya kina mama wenzake wenye msiba kama wake, wakadai haki pamoja, hadi mafuriko ya Aprili 2024 yalipomchukua yeye mwenyewe.

"Na wale wanaokatwa mapanga, mama zao si mama?" mjane akajibu. Mwalimu akanyamaza. Sikuwa na la kuongeza, na hadi leo sina. Nikilazimishwa kuchagua ningekuwa upande wa Mwalimu, lakini mimi sijazika mtu.

Jela nayo iko karibu. Shimo la Tewa ni pale Shanzu, mwendo wa tuktuk, pamoja na chuo cha kurekebisha watoto wa kiume ambako mahakama huwapeleka kwa miaka mitatu. Wengine hurudi na cheti cha useremala. Wengine hurudi na namba za simu.

Likoni tumeshawahi kuona vijana wakikusanywa. Tarehe 13 Agosti 1997, usiku, kituo chetu cha polisi kilivamiwa na kuchomwa, silaha zikachukuliwa, na siku zilizofuata watu zaidi ya 100 wakauawa na maelfu wakakimbia, wengi wakiwa watu wa bara waliozoea kununua samaki kwa majirani zetu. Vijana wale waliapishwa msituni Kaya Bombo, wakaahidiwa ardhi na kazi. Uchaguzi ulikuwa Desemba mwaka huo. Nilikuwa mdogo. Ninachokumbuka ni mama yangu ameketi kwenye kizingiti cha mlango usiku kucha, mgongo kwa mlango, na ndugu yangu mkubwa ndani akimwomba atoke apite. Hakutoka. Asubuhi alikuwa bado amekaa pale, na miguu imevimba. Kwa miaka mingi nilidhani alikuwa akizuia watu wasiingie.

Nikawasimulia wenyeji wangu hadithi hiyo, nao wakanipa ya kwao: msimu wa kura magari hufika maskani, vijana hupewa fulana na pesa ya siku, na baada ya kura magari hayaji tena. Vijana huachwa na umoja wao, uongozi wao na njaa yao. Uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Mama wa viazi atajua mapema kuliko tume ya uchaguzi.

Niliwaambia pia habari za Chicago, kwa kuwa nilizisoma na zilinikaa. Daktari wa magonjwa ya kuambukiza, Gary Slutkin, alifanya kazi kwenye kambi za wakimbizi Somalia miaka ya 1980, kisha akashughulikia ukimwi katika nchi zetu hizi, Uganda ikiwemo. Aliporudi kwao akaona ramani za mauaji ya mjini zimekaa kama ramani za kipindupindu: kisa huzaa visa jirani. Mwaka 2000 akaanzisha mpango uliokuja kuwatumia watu wa mitaa ile ile, wenye historia na magenge, kukatiza ugomvi kabla haujaambukiza. Mmoja wao, Ameena Matthews, binti wa kiongozi wa genge mashuhuri, anaonekana kwenye filamu ya 2011 akisimama katikati ya vijana wenye hasira.

"Ameena? Mwislamu?" Mwalimu akauliza.

"Ndiyo, na hujifunga mtandio."

"Analipwa?"

Nikasema nadhani ndiyo, ni kazi ya mshahara.

Wakatazamana. Mjane akacheka hadi akashika ukuta. Mwaka 2016 Kenya ilizindua mpango wa taifa wa wanawake, amani na usalama, kufuatia azimio namba 1325 la Baraza la Usalama, na ulikuwa na jina la Kiswahili lililonyooka: Kuhusisha Wanawake ni Kudumisha Amani. Mwalimu ana nakala yake, amepewa kwenye semina ya hoteli. Ameiweka chini ya mguu mfupi wa meza ya mahamri. Hakuiweka kwa dharau. Meza ilikuwa ikiyumba. Lakini salio la simu analotumia kuongea na wenzake wa mitaa mingine, na nauli ya kumfikisha kijana kwenye kliniki ya methadoni ya Kisauni, hutoka kwenye chama chao cha shilingi 50 kwa wiki.

Upande wa pili wa ugomvi wa vijana wale watano ulikuwa ng'ambo ya barabara kuu, na huko kina mama hawa hawaendi. Wana mwenzao huko, muuza uji. Mwalimu alimpigia. Nilisikia upande mmoja tu wa mazungumzo: video ifutwe, aliyeiweka asiombe radhi hadharani maana ataaibika na aibu itazaa nyingine, aseme tu simu ilipotea. Kisha bei ya unga wa wimbi. Kisha video tena.

Nikamuuliza kama imekwisha.

"Imesogea," akasema.

Niliondoka kabla ya magharibi, kwa kuwa nilikuwa na maji mawili ya kuvuka. Tulipopita kona, karai lilikuwa limeshushwa moto na viazi vimepangwa sinia zima, vimeanza kusinyaa. Biashara imelala. Maskani hapakuwa na mtu. Kiti cha gari kilikuwa kitupu, na mbuzi amepanda juu yake.

Foleni ya feri ilikuwa ndefu. Nilikuwa nimebanwa katikati ya watu, kikapu cha mwenzangu kikinichoma ubavu, simu ilipolia. Ujumbe wa mama wa viazi, ambaye mchana kutwa alikuwa amesema maneno labda 40:

"Wamekuja kula. Wanne."